Bi Mkubwa Apandisha Pua

Soko la vyuma chakavu lilikuwa limefurika Jumamosi ile, watu wakipigana vikumbo kati ya vilima vya injini zilizokufa. Kiberiti alikuwa amepiga magoti akivuta ekseli ya mbele ya pikapu ya zamani kutoka chini ya lundo. Akavuta, ekseli ikagoma. Akavuta tena, na safari hii akahisi upande wa pili kuna mtu naye anavuta.

"Samahani dada, hii nimeiona mimi kwanza," sauti ikasema.

"Kuiona si kuishika. Achia!"

Akainuka kumkabili mwenye sauti. Alikuwa Taratibu. Shati jeupe lililonyooshwa, nembo ya gereji kubwa kifuani, viatu vinang'aa kama havijawahi kukanyaga udongo. Kiberiti alikuwa na ovaroli ya bluu aliyoifunga mikono kiunoni, kitambaa chekundu kichwani, grisi shavuni. Wala hakuifuta.

"Kiberiti," Taratibu akasema kwa sauti ya chini. "Miaka mitatu."

"Mitatu na miezi minne. Mwizi hahesabu. Anayehesabu ni aliyeibiwa."

Taratibu akaachia ekseli. "Unaunda nini?"

"Jeneza."

"La nani?"

"La jina lako."

Akaitupa ekseli begani na kuondoka. Hakugeuka nyuma, ingawa moyo wake ulikuwa unadunda kama injini iliyopoteza silinda moja. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Mtu unayemchukia hapaswi kunukia vizuri.

Zamani walikuwa mafundi wa gereji moja, na wapenzi ambao hawakuachana hata kwenye bakuli la chakula. Kiberiti alipewa jina hilo kwa sababu mbili, mashine ya kuchomelea na hasira za karibu. Taratibu alipewa lake kwa sababu kila kitu alikifanya polepole isipokuwa kuendesha gari. Kwa miezi minane Kiberiti alijenga injini ya mbio kwa mikono yake, silinda sita, kabureta tatu, kila boliti akiijua kama mama anavyojua meno ya mwanawe. Siku waandishi wa magazeti walipokuja, mwenye gereji alimsimamisha Taratibu mbele ya injini. Mwandishi akauliza, "Nani kaijenga?" Taratibu akatazama chini, kisha akasema, "Mimi."

Kiberiti alikuwa amesimama hatua tano tu kutoka pale, ameshika tambara. Aliliweka chini, akatoka, na hakurudi hata kuchukua masanduku yake ya spana. Taratibu akapewa ufundi mkuu na gari la mbio. Alipiga simu siku arobaini mfululizo, haikupokewa hata moja.

Sasa Kiberiti alikuwa na banda lake nyuma ya nyumba ya shangazi yake, mkunga mstaafu. Na humo bandani alikuwa na gari la shangazi, sedani ya milango minne yenye taa za mviringo na bampa za kromu, ambalo kwa miaka thelathini lilikuwa limewahisha wajawazito hospitalini. Mtaa mzima uliliita Bi Mkubwa.

"Unamfanya nini mzee wa watu?" Shangazi aliuliza alipokuta viti vya nyuma vimetupwa nje.

"Namtua mizigo, Shangazi. Anaenda mbioni."

"Mbioni na nani?"

Kiberiti akarudi kwenye boliti zake. Shangazi akaketi juu ya tairi, akajipepea na ncha ya khanga. "Mwanangu, hasira hasara."

"Hasara nilishaipata. Imebaki hasira."

Akafanya kazi kama mtu anayefukuzwa. Aling'oa bampa, akaondoa vioo vya nyuma na kuweka plastiki nyepesi. Aliifunga ile ekseli ya pikapu mbele, gari likapandisha pua juu kama magari ya mbio ya enzi za babu zao. Nyuma akaweka matairi mapana kama mapipa, mbele membamba kama ya pikipiki. Akachomelea kizimba cha mabomba kumzunguka dereva. Injini akajenga nyingine, kali kuliko ile ya kwanza, na midomo ya kabureta ikachomoza juu ya boneti kama tarumbeta tatu. Kila cheche iliporuka alimwona Taratibu mbele ya kamera akitazama chini.

Simu ikalia siku moja akiwa chini ya gari. Namba aliifahamu. Bila kujua ni kwa nini, akapokea.

"Umepokea," Taratibu akasema, kama haamini.

"Nilidhani muuza matairi. Sema haraka."

"Nasikia Bi Mkubwa kapandisha pua."

"Kapandisha, na Jumapili ya mbio utamwona mgongo."

Taratibu akacheka, kile kicheko chake kinachoanzia tumboni. Kiberiti akajikuta naye anatabasamu gizani mle chini ya gari, akajing'ata mdomo.

"Kipenzi, nataka tuonane kabla ya..."

"Kipenzi yuko gazetini, kapiga picha na injini. Mtafute huko."

Akakata. Lakini alikaa chini ya gari muda mrefu bila kugusa kitu.

Ijumaa ikawa siku ya majaribio. Uwanja wa mbio ulikuwa barabara moja iliyonyooka, mita mia nne, na wapenzi wa magari ya zamani walijazana kwenye uzio. Kiberiti akawasha, akaachia klachi. Bi Mkubwa akainua pua, akaruka. Umati ukapiga kelele. Taratibu alikuwa uzioni pia, lakini hakushangilia. Alikuwa ameinama anachungulia chini ya gari linapopita.

Nusu saa baadaye mkaguzi wa uwanja akaja na karatasi yake. "Dada, gari hili halishindani mpaka ushushe propela niione. Na mbona hakuna kitanzi cha chuma cha kuidaka ikikatika?"

Kiberiti alijua kitanzi hakipo chini ya propela, ule mhimili unaozunguka kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu ya nyuma. Alikuwa amesema atakifunga kesho, kila siku kesho. "Nani kakwambia uangalie huko?"

Mkaguzi akasita. "Fundi mkuu wa ile gereji kubwa."

Dunia ikawa nyekundu. Uzioni Taratibu hakuonekana tena; Kiberiti akapiga simu palepale, mbele za watu.

"Taratibu! Injini haikukutosha? Umeona nitakushinda ukaenda kunichongea?"

"Kiberiti, nisikilize. Propela inacheza, nimeiona kwa macho yangu. Shusha uitazame..."

"Nitashusha, na nitaifunga tena, na Jumapili nitakufanya usiweze kuingia gereji yoyote bila kuchekwa. Umenisikia, mpenzi?" Hilo la mwisho alilitema kama mbegu ya ndimu.

Jumamosi asubuhi akaishusha propela, mdomo ukiwa haujaacha kulaani. Shangazi alimshikia taa. Kiberiti akafuta grisi kwenye kiungo, akakigeuza, na laana ikaishia katikati. Kwenye chuma kulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, umezunguka karibu kote.

"Ni nini?" Shangazi akauliza.

"Ingekatika nikiwa kwenye mwendo." Akapitisha kucha kwenye ufa. "Ingepasua sakafu. Ingenikata miguu, Shangazi, au zaidi."

Shangazi akausogezea ufa taa. Kisha akasema, "Huyo adui yako ana macho mazuri."

"Bado ni mwizi."

"Sijasema si mwizi. Nimesema ana macho mazuri."

Kiberiti akafunga kiungo kipya na kitanzi kinene, mkaguzi akavitazama na kutia sahihi. Alimchukia Taratibu kama jana, lakini sasa chuki ilikuwa na mahali panapouma pakiguswa.

Jumapili jua likiwa juu, magari mawili yakasukumwa hadi mstari wa kuanzia. Taratibu hakuvaa shati la gereji. Alivaa ovaroli kuukuu iliyopauka magotini, ile ya zamani zao. Badala ya kuingia garini, akaenda kwa mtangazaji na kumpokonya kipaza sauti.

"Jamani, injini iliyonipa jina sikuijenga mimi." Mwangwi ukarudi. "Aliijenga yule pale mwenye kitambaa chekundu. Bosi alisema hakuna atakayemletea mwanamke gari, nami nikaogopa kazi yangu. Nikasema nitasahihisha kesho. Kesho ikazaa kesho. Gereji nimeacha leo asubuhi. Gari hili nimeazimwa kwa mbio hizi tu, kwa sababu najua yeye amekuja kunishinda. Asije akakosa mtu wa kumshinda."

Uwanja ukalipuka kwa kelele. Kiberiti akamwendea kwa hatua ndefu, macho yamejaa maji na moto.

"Mshenzi wewe! Hicho ndicho nilitaka kukulazimisha useme. Umeniibia hata kisasi changu!"

"Hakijaisha. Panda gari."

"Na ukiniachia makusudi nitakuua."

"Naujua mkono wako. Siwezi kuthubutu."

Taa ikawaka kijani. Bi Mkubwa akatupa pua angani, tarumbeta tatu zikalia, na Kiberiti akahisi mgongo unazama kitini. Gia ya pili. Pembeni, gari la Taratibu lilikuwa sawa naye, bega kwa bega, kama walivyokuwa wakitembea zamani. Gia ya tatu. Akapiga ukelele ambao hakujua anao, na mstari ukapita chini yake.

"Bi Mkubwa!" mtangazaji akapayuka. "Kwa urefu wa boneti!"

Kiberiti hakungoja pongezi. Alishuka, akakimbilia gari la Taratibu na kuingiza kichwa dirishani kusoma kipimo cha injini. Kilikuwa na sindano ya pili, ile inayobaki palepale injini ilipofika juu kabisa. Ilikuwa imesimama kwenye nyekundu, mwisho wa mwisho. Taratibu hakupunguza mafuta hata kidogo.

"Nimekushinda kweli," Kiberiti akasema polepole.

"Umenishinda kweli. Na bado nanuka moshi wako."

Kiberiti akacheka huku analia, akampiga ngumi ya kifua, ya pili ikawa nyepesi, ya tatu ikabaki pale kifuani imetulia. Taratibu akaifunika kwa mkono wake.

"Sijakusamehe yote," Kiberiti akasema.

"Nisamehe kidogo kidogo. Mimi ni Taratibu." Akavuta pumzi. "Nataka kukuoa, Kiberiti."

"Nani kashinda leo?"

"Wewe."

"Basi mwoaji ni nani?"

"Mwanamume haolewi, roho yangu."

"Huyu ataolewa. Jumapili ijayo nakuja kwenu na Shangazi kukuposa. Mjulishe mama yako mapema."

Watu walikuwa wameshawazunguka, Shangazi mbele yao, khanga mdomoni kuzuia kicheko. Taratibu akawatazama wote, akamtazama Kiberiti, akaona hana utani. Akatoa simu mfukoni, akabonyeza, akasubiri.

"Shikamoo Mama. Umekaa? Kaa kwanza." Akajikohoza. "Mama, naolewa."