Mkwe Wangu Alikuwa Njiani, Nami Nikazima Simu

Nina miaka sabini na moja. Ninaishi nje kidogo ya mji wa Kitale, kwenye shamba la ekari tatu, pamoja na mke wangu ambaye hajasimama kwa miguu yake mwaka wa pili sasa. Nilisoma hadi kidato cha nne, nikawa karani wa ghala la mahindi mpaka nikastaafu. Nayasema haya mapema ili mtu asije akanitetea kwamba sikujua. Nilijua. Niliambiwa, tena kwa maneno mepesi kabisa.

Mke wangu ni Rhoda, lakini tangu tupate mtoto wetu wa kwanza nimemwita Mama Nekesa, naye huniita Baba Nekesa. Huyo Nekesa ameolewa na kijana anayeitwa Wafula, ambaye anafanya kazi katika hospitali moja mjini Kitale, kwenye idara ya mazoezi ya viungo. Waliovunjika mifupa, waliopooza upande mmoja, waliogongwa na pikipiki, wote hupitia mikononi mwake. Ni kazi aliyoisomea chuoni.

Sasa niwaeleze jambo moja la kwetu. Sisi Wabukusu, mkwe na mama mkwe hawashikani hata mkono. Wafula alipokuja kututembelea, Mama Nekesa alikuwa akibaki jikoni na kumsalimia kwa sauti tu, naye anajibu akiwa ameangalia chini. Chakula kinapelekwa na mtu mwingine. Si chuki, ni heshima. Siku hizi vijana wengi wameilegeza, na kuna wazee wasiojali tena. Mimi nilijali. Niliishika kuliko hata marehemu baba yangu.

Siku ya mkasa ilikuwa Jumamosi. Tulikuwa tunakwenda Bungoma kwa ndugu yangu Barasa, ambaye siku hiyo alitarajia wageni wa kuleta mahari ya binti yake. Nilikuwa naendesha pikapu yangu ya zamani. Mama Nekesa alikuwa amevaa kitenge kipya na hakuwa amefunga mkanda, kwa sababu mkanda wa upande wake ulikuwa umekatika. Nilikuwa nimeahidi kuushughulikia... sijui mara ngapi.

Tukishuka kuelekea soko la Kamukuywa, ng'ombe mmoja akaingia barabarani ghafla. Nikakanyaga breki. Lori la miwa lililokuwa nyuma yetu halikuwahi kusimama, likatupiga kwa nyuma. Vichwa vyetu vilirudi nyuma, kisha vikarushwa mbele. Mke wangu akagonga paji la uso kwenye dashibodi.

Watu wa sokoni walijaa mara moja. Walituzunguka, wakatukagua kama watu wanaokagua mzigo.

"Hakuna damu," mama mmoja akasema. "Mshukuruni Mungu."

"Mzee, leo umebahatika, bana," mwenye pikipiki mmoja akaniambia. "Hiyo lori ingewafanya chapati."

Nami nikaamini. Kama hakuna damu, kuna nini? Pikapu ilibonyea nyuma lakini injini ilikuwa inanguruma vizuri. Mama Nekesa akaniambia shingo inamuuma, na chini yake panawaka kama pilipili, na vidole vinamsisimka. Nikamwambia ni mshtuko tu, utaisha. Tukaendelea na safari.

Kwa Barasa tulikuta hema limesimamishwa, viti vimepangwa, wazee wa ukoo wameketi wakingoja wageni wa saa nane. Mke wangu alishuka kwenye gari kwa miguu yake mwenyewe. Naomba msisahau hilo. Alitembea mpaka ndani, lakini hakuweza kuketi. Shemeji yangu, mke wa Barasa, akamlaza chumbani.

Nikampigia Nekesa simu kumweleza. Wafula akaichukua simu mkononi mwake.

"Baba, pole sana. Miguu anaisogeza?"

"Ametembea mwenyewe kutoka kwa gari."

"Hiyo ni nzuri. Sasa mlazeni chali, kichwa kisigeuzwe. Na tafadhali, Baba, asiguswe na mtu wa kunyoosha, hata awe nani. Shingo ikipigwa hivyo kwa nyuma lazima ipigwe picha kwanza. Mimi natoka sasa na ambulensi. Baada ya saa moja unusu nitakuwa hapo. Nitamfunga kola ya kushikilia shingo na kumbeba mwenyewe."

Kumbeba mwenyewe... Sikusikia maneno mengine. Nilichoona mbele yangu ni Wafula akipita katikati ya hema lile na mama mkwe wake mikononi, wazee wakitazama, na wageni wa mahari wakishuka kwenye magari yao wakati huohuo.

Niliingia chumbani kumwambia mke wangu.

"Mwache aje," akasema.

"Wazee wote wako hapo nje."

"Nimewaona."

"Atakushika shingo, Mama Nekesa. Atakubeba."

Alifumba macho kidogo, kisha akayafungua. "Baba Nekesa, leo mimi sina aibu. Nina maumivu. Mwache mtoto aje."

Nilitoka nje. Ndugu yangu aliponiuliza habari za mgonjwa, nikamweleza kwamba mkwe anakuja kumchukua. Labda nilitaka aniambie ni sawa.

"Anakuja kumbeba?" Barasa akauliza kwa sauti ili wote wasikie. "Kwani huyo kijana anataka kuoa nyumba hiyo mara ya pili?"

Wazee wakacheka. Mmoja wao akaongeza, "Si leo ni kubeba? Kesho mtaambiwa ati ni kuogesha."

Wakacheka zaidi. Nami nikacheka. Mke wangu alikuwa upande wa pili wa ukuta, dirisha likiwa wazi, na mimi nilicheka.

Hapo ndipo Barasa aliponiambia kuhusu mtu fulani mjini, nyuma ya soko, ambaye kazi yake ni kunyoosha migongo. Yeye mwenyewe aliwahi kuanguka kutoka kwa baiskeli, akaingia kwa mtu huyo akiwa amejikunja, akatoka amenyooka kama mwanajeshi. Dakika ishirini tu, alisema. Mtarudi kabla wageni hawajafika.

Nikapiga hesabu yangu. Tukienda sasa hivi, Wafula akifika atamkuta mama mkwe wake ameketi na soda yake, amepona, na hakutakuwa na la kubebwa. Nikaitoa simu mfukoni, nikaizima.

Shemeji yangu alinisaidia kumwinua na kumketisha ndani ya pikapu. Mke wangu hakubishana. Njiani aliuliza mara moja tu, "Kwani Wafula amefika wapi?"

Nikamwambia, "Tutakutana naye huko mbele."

Mahali penyewe palikuwa safi, sitasema uongo. Mtu yule alivaa koti jeupe. Alikuwa na kitanda kirefu chenye tundu la kuwekea uso, na picha kubwa ya mifupa ya binadamu ukutani. Alisema habari za ajali za barabarani ndizo kazi yake ya kila siku, kwamba pingili za mgongo huteleza kidogo na yeye huzirudisha. Hakuuliza kama tumepiga picha. Nami, niliyekuwa nimeambiwa kuhusu picha muda mfupi uliopita, nilinyamaza.

Mama Nekesa alimwambia vidole vinawaka. Akamjibu kwamba hiyo ni damu iliyokwama, itafunguka.

Alimlaza kifudifudi akamkandamiza mgongo, kisha akamgeuza chali. Akashika kidevu kwa mkono mmoja na kisogo kwa mkono wa pili.

"Mama, legea. Tuhesabu pamoja mpaka tatu."

Walifika mbili. Akamgeuza shingo kwa nguvu, na nikasikia mlio kama wa muwa unaovunjwa kwenye goti.

Mke wangu hakupiga kelele. Laiti angepiga... Aliuliza polepole, kama mtu anayeulizia kitu alichokiweka mahali, "Baba Nekesa, miguu yangu iko wapi?"

Yule mtu alimtazama, akanitazama, akasema apumzike kidogo, anakwenda kuleta maji. Hakurudi. Nilipoambiwa baadaye kwamba chumba kile kimefungwa na bango limeng'olewa, hata hasira sikuwa nayo. Ningemkasirikia nani, yeye au mimi?

Niliwasha simu. Wafula alikuwa amepiga na kupiga. Nikamwelekeza tulipo, naye akafika upesi na mwenzake wa ambulensi. Alipiga magoti, akambonyeza vidole vya miguu.

"Mama, unasikia hapa?"

"Hapana."

"Na hapa?"

"Hapana, mwanangu."

Hivyo ndivyo mkwe wangu alivyomgusa mama mkwe wake kwa mara ya kwanza. Alimfunga kola, akambeba, na hakuna mzee hata mmoja aliyeona. Kwa Barasa, wageni wa mahari walikuwa wamefika na nyama ilikuwa inaiva.

Hospitalini walipiga picha. Daktari alinionyesha kwa kalamu. Alisema mfupa wa shingo ulipasuka kwenye ajali lakini ulikuwa bado umekaa mahali pake, na mtu wa namna hiyo hufungwa kola, hulazwa, na wengi hurudi nyumbani wakitembea. Kule kuzungushwa ndiko kulikousogeza ukaibana ile kamba ya fahamu inayopita ndani. Nilimuuliza kama kunyoosha migongo ni kazi ya matapeli. Akasema hapana, kuna watu waliosomea kazi hiyo na wanasaidia wagonjwa wa ajali, lakini hao hutaka picha kwanza na hukuuliza maswali mpaka uchoke. Na shingo iliyopasuka, akasema, hakuna hata mmoja wao ambaye angeigusa.

Ningekomea hapo mngenionea huruma. Lakini bado sijafika kwenye aibu yangu.

Nekesa alinikuta kwenye baraza ya wodi. Akaniuliza, "Baba, Wafula alikuwa njiani. Mbona hamkumngoja?"

Nikamjibu, "Mama yako alikataa. Alisema hawezi kushikwa na mkwe."

Yalitoka hivyo, bila kuyatafuta. Nekesa akalia na kuamini. Habari zikaenea, kanisani wakamsifu Mama Nekesa kuwa mwanamke wa heshima za zamani. Naye akayasikia akiwa kitandani. Hakunikana mbele ya watoto, wala hakuniuliza tulipobaki wawili.

Tulirudi nyumbani na kiti cha magurudumu na mpira wa mkojo. Mikono yake ilibaki na nguvu kidogo, anaweza kuinua kikombe kwa viganja viwili. Nilijifunza kumgeuza kila baada ya saa mbili, na bado vidonda vilimpata. Mwanamke aliyekuwa akipalilia ekari nzima peke yake, sasa nzi akitua usoni pake anangoja nimfukuzie.

Na kila Jumamosi Wafula alikuja kumkunja na kumkunjua miguu ili viungo visigande. Kila mara, kabla ya kumshika, aliinamisha kichwa na kusema, "Mama, nisamehe, nakushika." Maana aliamini kwamba alikuwa akimvunjia heshima mama aliyekubali kupooza kuliko kuguswa na yeye. Naye Mama Nekesa alimjibu, "Shika tu, mwanangu." Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nikisikia maneno hayo... Jumamosi ngapi hizo? Ni nyingi.

Mwezi uliopita nilishindwa. Wafula alikuwa ameshika mguu wa kushoto, Nekesa anakunja nguo kando. Nikasema, "Mama yenu hakukataa. Alisema uje. Ni mimi niliyekataa, na nikazima simu."

Wafula hakuinua macho. "Kwa hivyo alikuwa ananingoja?"

"Alikuwa anakungoja. Hata njiani alikuulizia."

Aliuweka mguu chini polepole, akatoka nje, akaenda kusimama kando ya ghala letu la mahindi akiwa ametupa mgongo. Nekesa aliacha nguo pale zilipokuwa, akaingia jikoni. Hajaniita Baba tangu siku hiyo. Akipiga simu anasema, "Nipe Mama."

Mke wangu akaniambia, "Nilingoja uyaseme mwenyewe." Kisha akaniomba nimpanguse jasho.

Baada ya muda Wafula alirudi. Akanawa mikono, akaushika mguu wa kulia bila kuomba msamaha, akaendelea na kazi yake. Miguu haikusikia kitu. Ukweli wangu haukuiamsha, na daktari ameshatuambia haitaamka.

Ndugu wasomaji, mkipata ajali, hata kama hamkuona damu, nendeni hospitali kwanza. Mtu akitaka kukunyoosha kabla hajaona picha ya mifupa yako, inuka uondoke, hata awe amevaa koti la rangi gani. Na wazee wenzangu, heshima zetu sizitukani, nimelelewa nazo. Lakini mgonjwa wako akikwambia anachotaka, usitoke nje kwenda kutafuta ushauri mwingine kwa watu wanaongoja nyama. Mimi niliambiwa na mwenye shingo yake, chumbani, tukiwa wawili, kwa sauti niliyoisikia vizuri kabisa.