Nishani ya Mzee Risal

Kila asubuhi, katika kijiji chao huko India, kabla ya kwenda shule, Bharpai alisugua vyombo vya shaba kwa majivu, kisha akaifuta nishani ya babu yake iliyoning'inia ukutani. Na kila asubuhi aliuliza swali lilelile.

"Babu, uliipataje?"

"Vitani, tulipopigana na Waturuki huko Uarabuni, karibu na Aden."

"Hilo nalijua. Ulifanya nini?"

"Nenda shule, utachelewa."

Bharpai alikuwa mdadisi, na jibu la nusu lilimwasha kama upupu. Siku moja Dharme, mvulana wa darasa lake, alimtania: "Babu yako alipewa nishani kwa kusukuma chapati!"

"Nani kakwambia? Aliua Waturuki ishirini kwa upanga!" Bharpai alifoka.

Maneno hayo yakamfikia Mwalimu Jugal, naye akamwalika babu, Mzee Risal, aje kusimulia. Bharpai alishikwa na hofu. Akisema kweli, ataaibika yeye; akinyamaza, ataaibika babu mbele ya shule nzima.

Siku ilipofika, mzee hajaketi vizuri, Dharme akadakia, "Babu, ule upanga uko wapi?"

"Upanga gani?"

Watoto wakaanza kucheka. Bharpai akasimama. "Babu hajamdanganya mtu. Upanga niliutunga mimi."

"Njia ya mwongo fupi!" Dharme alisema.

Mzee Risal alimnyamazisha kwa mkono, akakohoa.

"Tulikuwa tunarudi nyuma, jua linachoma, risasi zinanyesha. Nathu, fundi viatu wa kikosi, akapigwa, akaanguka mchangani. Nikarudi nikambeba. Njiani tukanywa maji kwa chupa moja."

Watoto wakatazamana. Kijijini kwao, mtu wa ukoo wa Risal hakunywa kwa chombo kimoja na mshona viatu, aliyehesabiwa mtu wa tabaka la chini.

"Niliporudi nyumbani niliwaeleza wazee. Wakanitenga, wakaninyima kiko wanachovuta pamoja barazani, mwaka mzima. Tangu hapo nikafunga mdomo."

"Unajuta, Babu?" Dharme aliuliza, sasa kwa upole.

"Kumbeba, hapana. Kunyamaza, ndiyo. Ningesema, mjukuu wangu asingetunga."

Akamgeukia Bharpai. "Umekiri mwenyewe, sina kinyongo nawe. Ila ukweli hauhitaji kupambwa, mama. Hao ishirini uliowaua kwa mdomo wangekuwa na wajukuu kama wewe. Mimi nilipewa nishani kwa ajili ya mmoja, niliyemrudisha akiwa hai."