Kirungu cha Kamera ya Velji

Saa moja na nusu asubuhi, Jumatatu tarehe 10 Desemba 1951, Sajini Ambrosi aliitwa kwenye studio ya picha ya Velji, Kanyenye. Kamera ilikuwa sakafuni, mgongo wazi, filamu yote imevutwa nje kwenye mwanga. Hatua mbili kutoka hapo kililala kile kirungu cha pembeni kinachozungushwa kusogeza filamu kila baada ya picha.

"Ni Twalibu," alisema Velji. "Ameiangusha ikavunjika, akaogopa, akakimbia. Nani mwingine ana ufunguo?"

Twalibu, aliyekuwa akisafisha picha za studio ile kwa miaka tisa, alikutwa kwake Mtendeni akinywa chai. Alisema hakufika kazini tangu Jumamosi. Aliwekwa mahabusu hata hivyo, maana filamu ile ilikuwa na uzito wake.

Jumamosi Velji alikuwa amekwenda Ipuli kupiga picha kaburi la mawe kando ya njia ya zamani ya misafara, katika shamba la mjane Apolinaria. Aliyezikwa pale alikuwa mpagazi, babu wa marehemu mumewe, na kaburi ndilo lililoonyesha kuwa shamba ni la ukoo huo. Jumapili, Apolinaria akiwa kanisani, mawe yakaondolewa na pakalimwa. Kesi yake ya shamba hilo na jirani yake, Nikolaus, ilikuwa isikilizwe Jumatano, na picha zile ndizo pekee zilizobaki kuonyesha kaburi.

Ambrosi alianza na Nikolaus.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Urambo, kwa shemeji yangu. Niliondoka na treni ya mchana, nimerudi leo asubuhi."

"Na kaburi?"

"Kaburi gani? Yalikuwa mawe ya shambani tu."

Karani wa stesheni alithibitisha safari zote mbili.

Saa tisa alasiri Ambrosi alirudi studio, akaketi mezani na kamera, akaomba bisibisi. Aliweka kirungu mahali pake, akaigeuza skrubu taratibu kwenda kulia. Haikushika.

"Kinyume, Sajini," alisema Velji. "Hiyo hufungwa kwa kuzungushwa kushoto. Ukilazimisha utaichubua."

"Twalibu anajua hilo?"

"Atajuaje? Kamera hii naifungua mimi tu. Yeye simruhusu hata kuifuta vumbi."

Ambrosi aliweka bisibisi chini.

"Tazama kichwa cha skrubu, Bwana Velji. Hakina mchubuko, na nyuzi zake ni nzima. Kirungu hakikuvunjika. Kilifunguliwa, tena na mtu anayejua kinageuzwa upande gani."

Velji aliinama akaitazama.

"Na hiki kipini cha ndani kinachokishika kimelika mpaka kimekuwa laini. Hakikulika kwa siku moja. Kirungu kilikuwa kinazunguka bure, filamu haiendi. Ulipiga picha ngapi Ipuli?"

"Kumi na mbili."

"Zote zikaangukia sehemu moja ya filamu, moja juu ya nyingine."

Velji alivuta kiti akaketi.

"Mvua ilikuwa inakuja, nikafanya haraka," alisema. "Jana saa kumi na moja jioni nilifungua nitoe filamu, nikaikuta karibu yote iko palepale ilipoanzia. Nikakimbilia Ipuli nipige upya. Nikakuta matuta." Alijifuta uso. "Yule mama aliniamini mbele za watu. Studio hii aliianzisha baba yangu. Nikaona afadhali lionekane kosa la Twalibu."

"Angefungwa."

"Nilidhani ningemfukuza tu, yaishe."

"Umedanganya polisi, na hilo utalijibu," alisema Ambrosi. "Lakini kaburi uliliona. Eleza lilivyokuwa."

Velji alifumba macho. "Mawe yamepangwa duara. Upande wa kichwa, jiwe la kusagia lililotobolewa katikati."

Jumatano aliyasema hayo mbele ya hakimu, pamoja na habari za kirungu na uongo wake, watu wakimsikiliza. Hakimu alimtuma tarishi Ipuli. Jiwe la kusagia lililotobolewa lilikutwa nyuma ya zizi la Nikolaus, limefunikwa kwa mabua. Shamba likabaki kwa Apolinaria.

Alhamisi Twalibu, aliyekwisha kuachiliwa, alikuja studio kuchukua koti lake. Velji alisimama, akamwomba msamaha, akamwomba arudi kazini. Twalibu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema amesikia. Kisha akavaa koti, akaacha ufunguo juu ya meza, akatoka.