Kilio Ndani ya Mwamba

Wewe, ukimwaga maji ya moto chini, huwa unapiga hodi kwanza?

Selipher hakuwahi. Kwao Vihiga maji humwagwa tu. Lakini madam wake wa Aziziya, Jeddah, alikofanya kazi za ndani, alimfundisha: sema bismillahi, majini wenye ardhi wasogee. Selipher, Mkristo mwenye diploma yake, alisema. Mshahara hauna dhehebu.

Ijumaa hiyo ya 2014 familia ilikwenda kutembea kwenye korongo la hifadhi ya taifa, mto mwembamba ukipita kati ya kuta za mawe. Jua likizama, madam alimtuma Selipher mtoni kuosha sufuria. Maji baridi kabisa.

Akasikia mtoto akilia ndani ya mwamba.

Si nyuma yake. Ndani.

Halafu harufu... kama nywele zilizoungua.

Alirudi mbio. Kwenye mkeka, Lujeni, mtoto wa miaka miwili wa madam, alikuwa akilia kwa sauti ile ile. Mguu wake ulikuwa umejaa malengelenge. Na moto ulikuwa bado haujawashwa.

"Umefanya nini?" madam alinong'ona. "Sihri?"

Huku mfanyakazi akishaitwa mchawi, hapandi ndege kurudi kwao. Anapanda gari la polisi.

"Wallahi madam, mimi mafi, sijafanya kitu!" Mkristo mzima akaapa. "Nimeosha na maji baridi!"

Mwamba ukalia tena. Lengelenge jingine likachomoza mbele ya macho yao, shavuni mwa mtoto.

"Nani amemwaga maji ya moto?" Kidole cha madam kilikuwa juu ya namba ya polisi. "Aseme, awaombe wenye ardhi msamaha kabla ya giza. Akikosekana, ni wewe, Selipher."

Danson, dereva wao, Mkenya mwenzake, yule aliyezoea kusema majini ni stori za kulaza watoto, alikuwa akitazama viatu vyake.

"Danson," Selipher akaita polepole. "Ndugu yangu, kama unajua kitu, sema. Nitaisha mimi."

Ndani ya jiwe kitu kikakwaruza... kikasogea... upande wa mkeka.

"Ni mimi," Danson akasema. "Rejeta ya gari ilichemka. Nikayamwaga maji yake kwenye ufa wa ule mwamba. Nikasikia mtoto analia."

Akamtazama Lujeni.

"Nikadhani ni paka. Nikacheka. Nikamwagia tena."