Nani Atamunawisha Dédé?

— Feza, mutoto anakulemea. Lete nimubebe.

Chancelvie alinyoosha mikono. Feza akakaza kitenge cha liputa mgongoni, mtoto akabaki palepale.

— Acha tu, mama. Byangu nabeba mwenyewe.

Chancelvie akacheka. Dédé, baba wa mtoto, aliyekuwa mbele yao akirusha vijiwe kwenye mto Kafubu, naye akacheka, ila hakugeuka.

Walikuwa kundi la marafiki wa Bel-Air. Kiangazi kikianza walizoea kutembea Jumapili kando ya mto, kisha kula pamoja kwenye bar moja yenye michopo, nyama choma ya mbuzi isiyo na mpinzani. Safari hii Feza alimwalika na tantine Mado, shangazi wa Dédé, yeye aliyemlea. Jumamosi inayofuata tantine ndiye angeingia kwa baba yake Feza na dot, mahari ya mpwa wake.

Feza hiyo dot hakuitaka tena. Alitaka Dédé na Chancelvie waaibike mchana, mezani, mbele ya watu.

Tangu mvua za mwisho Marceline, jirani wa Chancelvie kule Katuba alikohamia, alikuwa akimwandikia Feza: "Dédé iko huku tena. Banakula bukari bote ku barza." Feza alipomuuliza Dédé, alijibiwa: "Uko na wivu ya mwenye kuzaa." Chancelvie alilia machozi kabisa: "Miye rafiki yako, unaniwazia vile?" Na tantine Mado akatikisa kichwa: "Mwanangu, banamuke ba Katuba banasema mingi. Miye naamini macho yangu."

Sawa, tantine, Feza alijisemea siku ile. Macho yako nayo yatakula.

Walipofika bar, bukari ikaja, ugali unaofuka moshi, na michopo, na sombe ya majani ya muhogo. Mhudumu akaweka beseni na jagi la maji. Mambo hayo hayaandikwi popote, kila mtu anayajua: mwanamke humnawisha mwanaume wake. Wote wakamtazama Feza. Yeye akamshusha mtoto mgongoni, akampa ziwa.

— Chancelvie, mama, niko nanyonyesha. Unisaidie kumunawisha Dédé.

— Miye? Chancelvie akamtupia tantine jicho.

— Ni maji tu. Ao unaogopa?

Shafi, domo la kundi, akadakia:

— Munawishe, bukari isipoe. Njaa haiko na aibu.

Wakacheka. Chancelvie akainuka na jagi. Dédé alikuwa anabishana na Shafi habari za mpira, moto kabisa. Bila kukata neno, bila kutazama, akanyoosha mkono wa kushoto, kifundo juu.

Feza aliujua mkono ule. Kila alipokuja kula kwao, Dédé alimnyooshea hivyohivyo, amvue saa kabla ya kunawa.

Chancelvie akatua jagi. Vidole viwili, tik, saa ikafunguka. Akaitia ndani ya blauzi, akamwaga maji, kisha kwa ncha ya liputa yake akamkausha Dédé katikati ya vidole, kimoja kimoja.

Shafi akaacha habari za mpira, akatazama vidole vile.

— Chancelvie, tantine Mado akasema taratibu. Saa ya Dédé iko wapi?

Mkono wa Chancelvie ukaruka kifuani.

— Niliogopa itaingia maji, tantine.

— Ile kifungo inakwamaka. Hata miye niliyemulea inanishindaka. Weye umefungua ya kufumba macho.

— Tantine, sikiliza, Dédé akaanza.

— Nyamaza. Mukono yako imeshaongea.

Feza akafungua kiganja.

— Lete. Ile saa baba yangu alimupa siku ya présentation, alipokuya kujitambulisha kwetu. Ni ya mukwe. Sasa mukwe haiko.

Saa ikatoka blauzini ina joto. Feza akaifuta kwa liputa, polepole, wote waone.

— Tuongee inje, Dédé akanong'ona. Juu ya mutoto.

— Mutoto iko anakula. Na miye nataka kula.

— Nilikosea, Feza.

— Hapana, hukukosea. Ulinyoosha mukono kwenye umezoea. Baki pale.

Tantine Mado akainuka, akachukua jagi, akazunguka meza nzima. Mama wa umri ule akainama mbele ya binti.

— Nawa, mwanangu. Jumamosi nitakuya kwa baba yako, lakini si na dot. Nitakuya kuomba musamaha.

Feza akanawa. Akakata tonge kubwa, akachagua nyama nono kuliko zote, ile iliyokuwa mbele ya Dédé. Alikula peke yake. Chancelvie alikuwa ameshika mkoba, hajui aende ama akae.

Njiani kurudi, simu ikalia, ujumbe wa Dédé. "Feza, roho yangu ni weye. Nalia."

Akaandika kwa kidole gumba, mtoto amelala mgongoni: "Chancelvie anajua kukausha vidole. Mwambie akukaushe na macho."

Saa ya baba yake, aliyoivaa mwenyewe, ilikuwa kubwa mno, ikamteleza mpaka kwenye kiwiko. Aliiacha hapo, akatembea kando ya Kafubu, mbele ya wote.