Sahani ya Mama Sylvestre

Siku ile mjinga alikuwa Rémy. Tunasema mapema, ili msomaji asipoteze muda kumtafuta mjinga mwingine mtaani Kilibula, Uvira, ingawa mwaka ule wa maasi hawakukosekana.

Asubuhi ilianza kama nyingine zote. Mama Pétronille alimwekea mwanawe Rémy sahani ya bati yenye ua la buluu: ndagala, samaki wadogo wa ziwani, waliokaangwa kwa mawese mengi, yai, kipande cha avoka, na juu yake siagi ya ng'ombe wa Rurambo, kule milimani. Bugali hapana. Muhogo, ndizi, muwa, hata maharagwe, hapana.

"Mama, mafuta haya yatanifanya niteleze mpaka Burundi."

"Teleza, lakini usianguke," mama alimjibu.

Rémy alikuwa na kifafa. Kilimwangusha mara ya kwanza mwaka wa Uhuru, fanfare ya matarumbeta ikipita barabarani, na watu wakampigia makofi wakidhani mtoto anacheza. Baadaye alipata vidonge, vilivyokuja kwa barabara ya Bukavu. Waasi walipoingia Uvira barabara ikakatika, vidonge vikaisha, na Rémy akawa anaanguka karibu kila siku.

Ndipo mama alipokwenda kumwuliza Dokta Evariste kama kuna njia nyingine. Dokta alikuwa amebaki peke yake kwenye zahanati yenye kabati tupu. Alikuna kichwa.

"Iko moja," alisema. "Ni ya zamani, na ni ngumu. Mwili ukikosa unga na sukari, unawasha mafuta kama kuni. Kwa watoto wengine hali hiyo inatuliza kichwa. Lakini msijaribu peke yenu. Nitampima uzito kila wiki, na mtaniambia kila kitu kinachopita mdomoni. Kila kitu, Rémy. Umesikia?"

"Ndiyo, Dokta."

Cherehani ya mama ikauzwa, ikageuka siagi. Kuanguka kukapungua, kisha kukaacha kabisa. Hata majirani wakaanza kumtazama Rémy usoni.

Maana tangu mwaka wa Uhuru hakuna mtu aliyekula naye sahani moja. Mtaani walisema povu la kifafa linaambukiza. Hata nyumbani kwa rafiki yake Sylvestre alipewa chakula nyuma ya jiko, juu ya jani la mgomba, na jani lile likatupwa mbali. Siku ile, alipopita kumwita Sylvestre waende kucheza, Mama Sylvestre alikuwa anapakua.

"Rémy, umepona weye! Njoo, nawa mikono, kaa na wenzako."

Sahani ilikuwa moja, kubwa, bugali unafuka moshi, sombe ya majani ya muhogo pembeni. Mwaka ule watu walikuwa wanaogopana. Aliyekataa chakula cha jirani alikuwa kama amesema kina sumu. Lakini tuwe wakweli: Rémy hakufikiria sumu. Aliona tu nafasi iliyoachwa wazi kati ya Sylvestre na dada yake, na nafasi ile ilikuwa yake. Akakaa. Akamega. Akala mpaka akalamba vidole. Kesho yake akarudi, na kesho kutwa pia.

Kisha, akichota maji ziwani, akaanguka. Uso uliingia majini. Kama Sylvestre hangemvuta kwa shati, hadithi ingeishia hapo.

Mama alimpeleka zahanati akiwa bado amelowa.

"Mlifuata vyakula nilivyowapangia?" Dokta aliuliza.

"Vyote, Dokta. Minye mwenyewe napima kwa kijiko."

"Rémy?"

"Sikula kingine, Dokta." Alisema akitazama vidole vyake vya miguu.

Dokta Evariste akavua miwani. "Basi njia hii imeshindwa. Iache, mama. Usimalize nyumba yako kununua siagi bure. Na nyingine sina."

Mama Pétronille hakulia. Alikaa tu, mikono juu ya magoti, akitazama kabati lile tupu. Rémy alikuwa amemwona mama yake akiogopa risasi, akiogopa askari. Uso huu wa leo hakuwahi kuuona. Ulikuwa uso wa mtu aliyeacha kungoja.

"Dokta," alisema kwa sauti ndogo, "nilikula bugali. Kwa Mama Sylvestre. Siyo mara moja."

"Kwa nini?"

"Waliniita kwenye sahani."

"Cherehani yangu," mama alisema.

Dokta alirudisha miwani yake. "Sikiliza, Rémy. Kichwa chako siwezi kukifungua nione ndani. Naona kile unachoniambia tu. Ukinidanganya, ninamtibu mtoto mwingine ambaye hayupo, na weye unabaki bila dokta. Leo umekuwa karibu kujinyang'anya dawa yako mwenyewe. Tutaanza upya. Siahidi kitu. Na siagi ikiacha kushuka kutoka Rurambo, sijui tutafanya nini." Akamgeukia mama. "Lakini kifafa hakiambukizi kwa sahani. Akae nao. Ale samaki wake, aache bugali. Waambie hivyo."

Walikwenda moja kwa moja kwa Mama Sylvestre, Rémy akiwa amebeba sahani yake ya bati yenye ndagala. Familia ilikuwa imekwisha kukaa kula. Mama Pétronille aliwaeleza yote. Mama Sylvestre akaweka mwiko chini.

"Akae kwenye sahani yangu, na bugali wangu asiuguse? Weye mama, watu wakipita watasema nini? Watasema ninaweka sumu, hata mtoto anaogopa! Iko vita! Siku hizi muntu anauawa kwa neno tu. Jina langu litachafuka!"

Sylvestre aliinamisha kichwa. Rémy alianza kurudi nyuma, kuelekea jikoni, mahali anapopajua.

Mama Pétronille akamshika bega. Akachukua sahani yenye ua la buluu, akamwaga ndagala wote pembeni ya ile sahani kubwa.

"Tangu Uhuru umemlisha mwanangu nyuma ya jiko, juu ya jani la kutupa, na jina lako halikuchafuka. Sogea, akae."