Milimita Tisa

Walikutana kwenye mashine ya kukoboa mpunga Kyela mjini, siku ya soko, watu wamebanana na pumba zinaruka mpaka kwenye nywele. Jubilate alibeba gunia lisilo lake.

"Kaka, huo mpunga wangu!" Angetile akafoka, kiuno kimekazwa kitenge cha njano.

"Kumbe? Basi na mwenye mpunga nambeba."

Akacheka bila kupenda. Mwaka haukuisha wakaoana. Mapenzi yalikuwa matamu, usiniulize! Ila miaka minne ikapita nyumba haina mtoto, wakaenda kliniki ya uzazi Mbeya, kimyakimya, ndugu wasijue.

Viinitete, mayai yaliyokwisha kurutubishwa maabara, vikapatikana, vikagandishwa. Mara ya kwanza daktari alikataa kuviweka.

"Ukuta wa ndani wa mji wa mimba ni mwembamba, milimita tano tu. Kiinitete kinahitaji mahali pa kujishikiza. Tuuongeze unene kwa dawa."

Angetile alimeza vidonge kwa saa, bila kukosa hata kimoja. Kipimo cha pili, milimita tisa! Jubilate alimkumbatia mpaka nesi akakohoa. Wakapewa dawa nyingine za siku tano za kuuandaa ukuta, na onyo: siku ya sita, saa saba mchana, asichelewe. Ukuta ukishakuwa tayari haukai hivyo siku nyingi.

Siku ya sita Jubilate alikuwa Mbeya, ametangulia kusaini karatasi. Gari la kumchukua mkewe kijijini Ngonga liliendeshwa na Lameck, mtu wa Iringa, mpole kweli, ila mila za Wanyakyusa alikuwa hazijui. Saa mbili na nusu asubuhi simu ikalia.

"Jubi, kwa hiyo umewaambia kwenu?" Sauti ya Angetile ilikuwa inatetemeka.

"Nimewaambia nini? Uko wapi, mpenzi?"

"Nipo nyuma ya nyumba. Hilo gari silipandi. Bora hicho kiinitete kibaki hukohuko!"

"Angetile! Asubuhi hii wameshakiyeyusha. Sema tu hutaki mtoto na mimi."

"Mimi? Na sindano zote hizi? Mimi!"

Akakata. Jubilate akapiga, haipokelewi. Kwa hasira akampigia dereva.

"Lameck, rudi zako. Hataki."

"Hataki vipi, bosi? Alikuja mbio, kapendeza, gauni la bluu na viatu vipya. Alipomwona mzee Asajile ndani akajifunika kitenge usoni akatimua mbio."

"Mzee nani?"

"Baba yako. Nimempa lifti, anakwenda kikao cha kanisa Tukuyu."

Jubilate akajishika kichwa. Mungu wangu! Katika ukoo wao mke wa mtu haketi mahali pamoja na baba mkwe, hamtazami usoni, wala jina lake halitamki. Kupanda naye gari moja? Afadhali atembee kwa miguu hadi Mbeya.

"Mpe simu mzee. Haraka!"

"Ugonile, mwanangu," mzee akasalimu.

"Baba, nisamehe, naomba ushuke."

"Nishushwe? Mimi?"

"Mke wangu anakwenda kupandikiziwa mtoto, baba. Ikipita saa saba tumekosa."

Mlango ukafunguka, mzee akashuka na koti lake la kikao, akaingia katikati ya mikakao, akaipa barabara mgongo.

"Dereva!" akapaza sauti. "Kama kuna mtu anataka kupanda, apande. Mimi nakagua kakao."

Angetile alikuja mbio viatu mkononi. Kabla hawajafika lami akapiga simu.

"Nilidhani umenianika kwa wakwe, Jubi."

"Na mimi nikadhani umenikataa. Mke wangu, mimi mjinga."

"Sana."

"Rudia nisikie."

"Mjinga sana! Mwambie daktari anisubiri, nakuja."

Lameck alipanda milima ya Tukuyu kwa gia ya pili, Angetile amekodolea saa macho. Saa saba kasoro dakika sita akaruka kutoka garini. Jubilate alikuwa mlangoni, shati limelowa jasho, akamdaka mbele za watu wote.

"Hata kisiposhika, mimi sikuachi. Unanisikia?"

"Nasikia. Niachie basi, tunachelewa!"

Kwenye skrini walionyeshwa kidoa cheupe kikitua juu ya ukuta ule. Angetile alimbana mumewe vidole mpaka akaguna.

Siku kumi na nne walihesabu pamoja, wakigombana na kupatana kwa vitu vya kipuuzi. Damu ikapimwa. Jubilate alishindwa kuingia kusikia majibu, akabaki kwenye ngazi za kliniki. Angetile akatoka polepole, karatasi kifuani, midomo inamcheza.

"Sema, mama. Sema tu."

"Kimeshika, Jubi."

"Kimeshika?"

"Kimeshika, baba."

Ndipo yule mwanaume mkubwa alipokaa chini palepale ngazini, akalia kwa sauti, na watu wakawa wanampisha.